Kuonja Baridi ya Kanada Kule Bugarama

Wenzangu wa ofisi ya walimu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande tofauti. Sasa nasikia vipande vimezunguka kijiji kizima na kunirudia vikisema baba yangu alikamatwa Ngara akiwa amevaa koti la kike. Hakukamatwa. La koti ni kweli. Basi naandika mara moja, yote, msome kwa zamu wakati wa chai na mniache nisahihishe madaftari.

Mnajua kwamba mume wangu Emanueli yuko Kanada mwaka wa pili huu, anakata nyama kiwandani. Makaratasi yangu na ya mtoto wetu Suzi, mwenye miaka minne, yalikuwa yamekwisha kukamilika, na habari za makaratasi sitawachosha nazo. Mpango ulikuwa tuondoke Desemba, shule zikifungwa. Kilichokuwa kimebaki ni neno moja kutoka kwa baba. Emanueli ni mkwe mwenye adabu, hawezi kumvusha bahari binti wa mtu na mjukuu wake bila ruhusa. Mimi nami siwezi kuondoka baba akiwa amenuna, kwa kuwa tangu mama afariki tumebaki yeye na mimi pale nyumbani. Na baba alikuwa hajakubali.

Hoja yake ilikuwa kifua cha Suzi. Kila Juni kifua cha mtoto huyu hubana na kupiga filimbi, na baba ndiye humbeba mgongoni akizunguka naye uani mpaka alale. Tena baba ni mfugaji wa Kisukuma aliyehama mara tatu, kutoka Shinyanga hadi hapa kwetu Biharamulo, na wafugaji wana utaratibu wao: hupeleki watu wala ng'ombe mahali ambapo hujatuma mtu kwenda kulala kwanza. Mtu huyo anakwenda, anaonja maji, anashika majani, anauliza wanyama wa pale wanakufa na nini, analala siku mbili tatu, kisha anarudi kusema. Sasa Kanada nani atakwenda kulala?

Emanueli, kwa kutaka kumtuliza mzee, akasema kwenye simu maneno yaliyotufikisha hapa. "Baba, baridi ya huku ni ya kawaida tu. Kama ya Ngara."

"Ngara ipi?" baba akauliza.

"Ngara hiyo hiyo, baba."

"Basi Ngara nitafika. Jumapili nitakujibu."

Mwalimu Adventina alipopata habari hizo alicheka hadi akamwaga chai, kisha akanipa jina la shangazi yake, Bi Leokadia wa Bugarama, huko huko Ngara, aliyeishi Kanada miaka minne akilea wajukuu na akarudi. Tutalala kwake, tutaonja baridi na tutamuuliza. Alhamisi asubuhi, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, tukaondoka watatu: mimi, baba na Suzi.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba maneno ya baba nimeyaandika kwa herufi za darasani. Yeye mwenyewe na herufi "r" hawajawahi kufahamiana.

Biharamulo hadi Lusahunga

Mizigo ya baba ilikuwa fimbo, mablanketi mawili, galoni la maziwa mgando na mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha ambavyo kwake ni chakula, dawa na zawadi. Kondakta wa basi alipomwona tu akajua ni wa wapi.

"Ngosha, fimbo iende kwenye buti."

"Fimbo haiendi kwenye buti," baba akasema, akaketi nayo katikati ya magoti. Kondakta alitazama ile fimbo, akamtazama mwenyewe, akaamua kukata tiketi za watu wengine.

Lusahunga basi lilisimama watu wachimbe dawa na kununua mananasi. Suzi alikula nanasi hadi gauni likanata mwilini. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alimsalimia baba, "Mwangaluka," na hapo nikajua tumekwisha, maana Wasukuma wawili wakikutana barabarani lazima ng'ombe watajwe, na ng'ombe wakitajwa saa haipo tena. Walitafutana ukoo, wakapatana kwa shemeji wa mtu fulani wa Kahama. Dereva alipiga honi mara tatu.

"Ngara ninyi mnakwenda kufanya nini na mtoto mwezi huu?" mama yule akauliza. "Kule wanalala na moto ndani."

"Tunakwenda kuangalia kama patakaliwa," baba akajibu.

Mama akamtazama kwa huruma, akamwongezea Suzi hindi moja la bure.

Nyakahura, au mahali tulipokaa

Nimewaambia watu wengi kwamba tulichelewa kufika Nyakahura, lakini kweli ni kwamba kufika tulifika mapema sana. Tatizo ni kuondoka. Mbele yetu lori la mizigo la kwenda Rwanda lilikuwa limejikunja kwenye mlima, kichwa huku, tela kule, barabara yote imezibwa. Saa tano ya asubuhi tulishuka kuangalia. Saa tisa ya alasiri tulikuwa bado tunaangalia.

Kivulini, chini ya tela la lori jingine lililokuwa kwenye foleni, dereva mmoja alikuwa amewasha jiko la mkaa na kubandika sufuria la wali. Jina lake Sulemani, mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, kofia ya kufuma kichwani. Baba alimsogelea na galoni lake. Sulemani akaonja maziwa mgando, akafumba macho kidogo kwa uchachu, akajikaza kisabuni na kumeza, kisha akatupakulia wali. Tulikula kwa sahani moja ya bati, Suzi akiwa amekaa juu ya tairi la akiba.

Baba akaanza kazi yake. "Wewe unatembea nchi nyingi. Baridi kubwa umeiona wapi?"

"Mzee wangu, Makambako," Sulemani akasema bila kufikiri. "Hapo usiniambie habari za Ulaya. Makambako asubuhi ukishika usukani unaona vidole si vyako."

"Na watu wanaishi?"

"Wanaishi na wanazaa."

Baba akaguna, akaonekana kuiandika Makambako kichwani. Kisha akamweleza habari yote: mkwe, Kanada, kifua cha mtoto, na safari yetu ya kwenda kuonja Ngara. Sulemani hakucheka, jambo ambalo lilinishangaza. Alikwangua ukoko, akampa Suzi, akasema, "Mzee, mimi nikitaka kujua mahali, simuulizi anayeishi pale. Anayeishi pale ameshazoea au anaona aibu. Namuuliza aliyeondoka."

Baba alimtazama muda mrefu. Aliniambia baadaye kwamba katika safari nzima huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza kama mfugaji. Kabla lori halijavutwa pembeni walikuwa wamepeana namba za simu, na baba alimwachia nusu ya michembe.

Ngara mjini, na habari za koti

Kutoka Benako kupanda kwenda Ngara mjini ukungu ulikuwa umeshashuka. Madirisha yote ya basi yalifungwa bila mtu kuamrisha. Tuliposhuka, jua lilikuwa linazama, upepo unakata masikio, na baba, aliyekuwa amevaa shati la mikono mifupi kwa kiburi chake mwenyewe, akanyamaza ghafla katikati ya sentensi. Meno yalikuwa yanagongana.

Suzi aliangalia vile vilima, ukungu, na moshi wa majiko. "Mama, Kanada ndiyo hii?"

Nikacheka, nikamwambia bado. Sikutilia maanani. Nyumbani alikuwa amesikia siku nyingi kwamba tunakwenda kuonja baridi ya Kanada, na kichwani mwake tulikuwa tunakwenda Kanada. Hilo nililielewa nikiwa nimechelewa, mtaona.

Nyumba ya wageni walituletea ndoo ya maji ya moto na chai ya tangawizi. Baba alilala na mablanketi yote mawili, soksi zangu, na taulo kichwani. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani akiwa ameviringishwa hivyo hivyo.

"Mtoto amelalaje?" akauliza.

Suzi alikuwa nje, peku, anakimbiza bata wa mwenye nyumba. Kifua hakikubana. Filimbi haikulia. Aliyekohoa ni babu yake.

Tukaenda kwenye mitumba. Makoti ya kiume yaliyomtosha baba yalikuwa yamekwisha, au yalikuwa ya watu wembamba. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akachomoa chini ya fungu koti zito la rangi ya waridi, refu hadi magotini, na kofia yake ina manyoya pembeni. "Mzee, hili ni la baridi ya kweli. Hili limetoka huko huko."

"Huko wapi?"

"Huko kwenye barafu."

Baba akalivaa ili tu kulipima. Joto likamwingia. Niliona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu aliyekunywa uji baada ya kufunga.

"Baba, hilo ni la mwanamke," nikanong'ona.

"Ng'ombe dume akipata kivuli haulizi mti ni wa nani," akasema, akafunga zipu mpaka kidevuni. Hakulivua tena mpaka tumerudi.

Kupitia Mbuba hadi Bugarama

Ijumaa tulipata gari dogo linalokwenda Bugarama kupitia Mbuba. Migomba, kahawa, migomba, maharage yameanikwa mbele ya nyumba, tena migomba. Baba alihesabu ng'ombe njia nzima akapata wachache sana, akasikitika. "Nchi nzuri hivi, hawana ng'ombe," akasema kwa sauti. Abiria wawili waligeuka wakamtazama, lile koti na ile fimbo, wakatazamana wao kwa wao. Hapo ningekuwa mjanja ningemziba mdomo.

Bi Leokadia alitupokea kwa mikono miwili. Ni mama wa umri wa baba, mrefu, anatembea haraka, anaongea taratibu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba na kumkamata Suzi mashavu. Chakula cha jioni kilikuwa ndizi za kupika na maharage, sinia limejaa, na jiko linawaka pembeni yetu. Tukala. Baba alikula vizuri, akashukuru, akanawa, kisha akaketi kusubiri. Tulikaa. Bi Leokadia akaniangalia. Mimi nikaangalia ukutani, maana nilijua anachosubiri.

"Baba Minza," Bi Leokadia akauliza hatimaye, akimwita kwa jina langu, "kuna kitu kimepungua?"

"Hapana, mama, matunda yalikuwa mazuri sana," baba akasema kwa heshima zote. "Nasubiri ugali."

Bi Leokadia alicheka hadi akafuta macho kwa kanga. Kisha akainuka, akasonga ugali wa muhogo wa mtu mmoja, na baba akala tena.

Siku ambayo baba alionekana kama jeshi

Jumamosi alfajiri niliposhtuka, baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuangalia. Nilipata kujua baadaye kila alichofanya, kwa sababu watu wa Bugarama walikuja kunisimulia kimoja kimoja. Alishuka bondeni, akang'oa majani, akayanusa, akayatafuna. Alikunywa maji ya kijito kwa kiganja. Alimuuliza mama aliyekuwa anachota maji kama kijito hukauka. Alimuuliza mzee wa mbuzi kama mbung'o wapo, na mifugo ya pale hufa na nini zaidi. Alimuuliza mtu anayelima maharage eneo lile la chini ni la nani na kama halilimwi lote. Haya yote akiwa na fimbo, na koti la waridi, na manyoya kichwani.

Kwake ilikuwa kazi ya kawaida. Hakujua njia nyingine ya kukagua mahali. Lakini mkulima wa Kihangaza, mwenyeji wa kule, akimwona Msukuma ananusa majani yake alfajiri, haoni mzee anayekagua baridi kwa ajili ya mjukuu. Anaona kwamba nyuma ya ule mlima kuna ng'ombe mia mbili wanasubiri filimbi.

Saa nne baba alirudi, ameridhika, akaomba chai. Saa nne na nusu waliingia uani wanaume saba, wakiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji, bwana mfupi aliyevaa koti la suti juu ya jezi ya mpira. Walisalimia vizuri. Hawakuketi.

"Mama Leokadia, wageni wako tumewaona," mwenyekiti akasema. "Tunataka tu kujua. Wako wapi?"

"Kina nani?"

"Ng'ombe."

Bi Leokadia akamgeukia baba. Baba akaweka kikombe chini. "Ng'ombe wangu wako Biharamulo," akasema.

"Na wataingia lini?"

"Kuingia wapi?"

"Mzee, tusichezeane. Umeuliza maji, umeuliza majani, umeuliza mbung'o, umeuliza shamba la bondeni ni la nani. Jana kwenye gari umesema nchi nzuri haina ng'ombe. Sisi mashamba yetu ni haya haya tu. Wakiingia wako, tunakula nini?"

Sasa mnaona. Baba alisimama, na mimi nikasimama, nikiwa na hofu kweli, maana sauti zilikuwa zimepanda. Nikaanza kueleza haraka haraka: kwamba anayehama ni mimi, si ng'ombe, kwamba ninakwenda Kanada, si Bugarama, kwamba mume wangu alisema baridi ya kule ni kama ya huku, ndiyo maana tumekuja kuionja. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi inavyosikika kama uongo wa mtoto aliyeiba sukari.

Mwenyekiti akamtazama baba. "Kwa hiyo yale majani ulikuwa unayatafunia Kanada?"

"Ningeyatafunia wapi?" baba akasema, amekasirika kweli. "Ndege ya kwenda kuyatafuna ya kule sina!"

Mtu wa nyuma kabisa akaanza kucheka. Kisha mwingine. Mwenyekiti alijizuia kwa heshima ya cheo, akashindwa, akaketi kwenye mkeka akishika tumbo. Ikaletwa rubisi, pombe ya ndizi, na wale waliokuja kutufukuza wakakaa hadi mchana, kila mmoja akitoa maoni yake kuhusu hali ya hewa ya Kanada, ambayo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona. Mmoja alisema kule watu hutembea juu ya ziwa. Baba alikataa kata kata.

"Ni kweli," Bi Leokadia akasema. "Nimetembea mimi."

Baba akageuza kiti kumwelekea. "Nilikuja kwa ajili yako," akamwambia. "Wewe uliondoka. Sema."

Akasema. Ndani ya nyumba, alisema, ni joto, unaweza kukaa na kanga. Nje pumzi inaganda puani. Mtoto akivalishwa vizuri hana neno; wajukuu zake walikuwa wanagaagaa kwenye theluji wakikataa kuingia kula, na mmoja wao alikuwa na kifua kama cha Suzi, akatibiwa, akakomaa. "Sikukimbia baridi, baba. Wanangu walikuwa wanakwenda kazini giza na kurudi giza. Mimi nimebaki dirishani. Hakuna wa kumwambia habari za asubuhi. Miezi mitano mlango umefungwa. Ikafika siku naongea Kihangaza na jokofu. Nikasema, Leokadia, rudi nyumbani."

Kisha akaomba kuona picha za Emanueli. Nikampa simu. Akazipitisha kwa kidole: Emanueli na fulana mbele ya kiwanda, Emanueli kwenye majani mabichi, Emanueli anakula aiskrimu.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi zote ni za Julai na Agosti. Za Januari ziko wapi?"

Nilipekua simu yote. Hapakuwa na hata moja.

Baba alisubiri wageni watawanyike. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Mnajua nilikuwa na kaka, Masunga, aliyekufa kwa malaria mwaka tuliohamia Biharamulo. Kwetu husemwa hivyo tu, alikufa kwa malaria. "Biharamulo nilikwenda kulala kiangazi," baba akasema. "Siku moja. Pakavu, majani marefu, hakuna mbu. Mama yako akaniuliza, masika pakoje? Nikamwambia pazuri tu. Sikujua. Nilisema ili asiogope kuja." Akafungua zipu ya koti, akaifunga. "Masika ilipoingia tulikuwa tunalala kwenye maji." Nililia, na yeye hakunizuia.

Jumapili

Simu Bugarama inapenda kudaka mtandao wa Burundi, kwa hiyo baada ya ibada tulipanda hadi kwenye kichuguu karibu na kanisa, mahali ambapo mtandao wa kwetu hufika. Emanueli akapiga kwa picha. Alikuwa ametoka kuoga, ananyoosha shati, anatabasamu. Kabla baba hajasema lolote, Suzi akaninyang'anya simu.

"Baba, sisi tumefika Kanada," akasema. "Tumelala siku nyingi. Wewe uko wapi?"

Emanueli alicheka. Kisha cheko likakatika. Akaweka mkono usoni, na kwa muda tukawa tunaona dari la chumba chake tu.

Baba akachukua simu. "Emanueli. Nionyeshe picha ya Januari."

"Baba, Januari sikupiga—"

"Ipo. Nionyeshe."

Ilichukua dakika kufika. Alikuwa amejipiga mwenyewe, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na koti mwilini, sahani ya ugali magotini, dirisha nyuma yake jeupe lote, hakuna kinachoonekana. Amekonda. Macho ni ya mtu mwingine. Nimekuwa mke wake miaka sita, na nilihitaji kutazama mara mbili.

"Nilikuwa nataka kurudi," Emanueli akasema. "Wiki nyingine ilikuwa inapita sijaongea na mtu zaidi ya msimamizi wa zamu. Sikuwaambia. Niliona nikisema, hutawaruhusu kuja. Nisamehe, baba. Si kama Ngara."

Nilijua tumekwisha. Nilimtazama baba nikisubiri neno "hapana," na niwaambie ukweli wenzangu, sehemu yangu moja ililisubiri kwa hamu.

Baba aliuliza, "Baridi inaanza lini?"

"Novemba, baba. Mwaka mwingine Oktoba."

"Sasa hivi pakoje?"

"Sasa ni pazuri. Majani mabichi. Watu wako nje hadi jioni, wanasalimiana."

"Na wewe ulitaka kuwaingiza Desemba," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kumkemea mchungaji mjinga. "Nani huhamisha watu wakati mbaya? Waingie sasa, majani yakiwa mabichi. Mtoto ajue njia, mama yake ajue majirani, kabla milango haijafungwa. Na wewe Januari nyingine usiimalize peke yako. Umesikia? Tafuta ndege ya karibu."

Emanueli aliitikia kwa kichwa tu, tena na tena, mpaka mtandao wa Burundi ukatukata.

Kurudi Biharamulo

Jumatatu njia ilikuwa nyeupe, hakuna lori lililolala wala la kusimama. Mwenyekiti mwenyewe alitusindikiza hadi kwenye gari na kumkabidhi baba mkungu wa ndizi, akamwambia avifundishe vinywa vya Biharamulo kwamba si matunda. Suzi alilala tangu Ngara hadi Lusahunga, kichwa kwenye manyoya ya koti la babu yake.

Karibu na nyumbani nilimuuliza, "Baba, kwa nini umeharakisha hivyo? Ungesema Desemba, ningekaa."

Alikuwa anaangalia nje. "Ningeusikiliza moyo wangu, ningesema msiende kabisa," akasema. "Kwa hiyo sikuusikiliza."

Ndiyo habari yenyewe, wenzangu: Emanueli ameshapata ndege, na ndiyo sababu mkuu wa shule ana barua yangu ya kuacha kazi mezani sasa badala ya Novemba. Nilikwenda Ngara nikiwa na miezi sita ya kukaa na baba. Nimerudi na wiki tano.